Kula Upya Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Unene

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, mbele ya wahitimu na wanafunzi katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka.)



Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya utumishi wa umma na kijana wa leo. Nilimjibu kwamba juu ya utumishi wa umma wapo wenzangu wanaojua zaidi yangu, na wengine wamekaa hapa mbele. Lakini nikamwambia kuwa ninalo jambo jingine ambalo nimelijua kwa kulipitia mwenyewe, nalo linahusu kula. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Basi njoo uzungumze bwaloni." Ndiyo maana tumekutana hapa badala ya ukumbini.

Wale tuliomaliza pamoja mwaka 2001 watakumbuka kwamba mimi niliitwa Pipa. Sikulipenda jina hilo, ila nililiitikia. Walioniona katika mkutano wa mwaka 2019 watakumbuka kuwa nilipanda ngazi za jengo la utawala kwa vituo vitatu. Leo asubuhi wenzangu wawili wamenipita pale getini bila kunitambua, na wa tatu amemvuta mke wangu pembeni akamwuliza kwa sauti ya chini ninaumwa nini. Namjibu sasa, mbele ya wote: siumwi. Mwezi Machi mwaka 2022 nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, na haya ninayotaka kuwaeleza ni yale yaliyofuata.

Nimeamua kuyasema kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kazi huisha daktari anapoweka kisu chini. Ndugu zangu, kazi huanza hapo. Na katika kazi hiyo mimi nilikosea jambo moja ambalo karibu lingenipeleka kaburini. Halikuwa kosa la daktari, wala la kisu. Lilikuwa kosa la kuficha.

Jinsi nilivyofika huko

Urefu wangu ni mita 1.72, na wakati ule nilikuwa na kilo 142. Ukigawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 48. Madaktari huhesabu kuwa mtu mzima mwenye 18.5 hadi 24.9 yuko sawa, na kuanzia 30 wanasema amefikia kiribatumbo. Mimi nilikuwa nimeipita 30 kwa mwendo wa miaka. Nilikuwa na kisukari, nilikuwa na shinikizo la damu, na usiku pumzi zilikuwa zikikatika usingizini hata mke wangu akawa anakesha akinisikiliza.

Msidhani sikujaribu njia nyingine. Nilitembea asubuhi, niliacha soda, nilikunywa maji ya ndimu, nilifunga kula usiku. Nilipunguza kilo kumi, zikarudi kumi na nne. Simwambii mtu kwamba njia hizo hazifai. Zinafaa, na kwa wengi zinatosha. Kwangu hazikutosha.

Upasuaji wa namna hii si jambo la jana. Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kufanya mmojawapo mwaka 1966. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani waliweka kipimo kwamba unafaa kwa mtu aliyefika 40 katika ile hesabu niliyoitaja, au 35 kama ana maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kipimo hicho hadi 35 hata bila maradhi, na 30 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Kwa hiyo vijana mlio hapa, mkimwona mwenzenu ana kitambi, huyo si mtu wa kwenda kupasuliwa. Ni mambo ya madaktari na vipimo, tena baada ya njia nyingine kujaribiwa.

Nilikopa kwenye SACCOS ya watumishi, nikauza kiwanja, nikasafiri kwenda India. Aina niliyofanyiwa ni ile ambayo daktari huondoa takriban robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, akabakiza mrija mwembamba kama ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo hasa inayotoa homoni ya njaa, iitwayo ghrelini. Ndiyo sababu miezi ya mwanzo mtu husahau hata kula. Lakini nitawaeleza kwamba iko njaa nyingine ambayo haikai tumboni.

Karatasi ya masharti

Siku ya kutoka hospitali nilipewa karatasi ya masharti ya chakula. Siku za kwanza ni vitu vya maji matupu: maji, supu iliyochujwa, chai isiyo na sukari. Halafu hadi mwisho wa wiki ya pili ni vya maji vilivyo vizito kidogo, kama maziwa na mtindi mwepesi. Wiki ya tatu na ya nne ni chakula kilichosagwa kikawa laini kabisa, bila chembe. Wiki ya tano na ya sita ni chakula laini cha kupondeka kwa uma. Baada ya hapo ndipo mtu anarudi polepole kwenye chakula cha kawaida, kidogo kidogo, aina moja baada ya nyingine.

Masharti ya jumla yalikuwa haya. Usinywe maji pamoja na chakula. Kula kwanza, subiri nusu saa, ndipo unywe. Maji yafike lita moja na nusu kwa siku, lakini kwa kuonja, kwa sababu ukigugumia yanarudi. Usinywe soda wala kinywaji chochote chenye gesi. Tafuna kila tonge mpaka liwe kama uji. Chakula kimoja kichukue dakika ishirini hadi thelathini. Ukisikia kubanwa kifuani au kwikwi, acha hapo hapo, hata kama kimebaki kijiko kimoja. Anza na protini, maliza na wanga. Na meza vidonge vya vitamini kila siku, maisha yako yote.

Karatasi ilikuwa nzuri, lakini iliandikwa kwa watu wa huko. Ilitaja paniri, dali na lassi. Haikutaja dagaa, haikutaja kunde, haikutaja ugali. Haikusema neno juu ya mtu anayekaribishwa nyumba tatu kwa siku moja na kila nyumba imechinja kuku. Nilirudi nyumbani na karatasi mfukoni, na yale ambayo haikuyataja ndiyo yaliyonisumbua.

Bwalo lilivyonifundisha

Ndugu zangu wahitimu, hebu tukumbuke bwalo hili. Meza moja watu wanane, sinia moja ya ugali, bakuli moja la maharage. Kengele ikilia, sala fupi, halafu vita. Aliyechelewa kunawa alikuta sinia jeupe. Tulijifunza kumeza ugali wa moto bila kutafuna, mkono mmoja ukiwa kinywani na mwingine ukilinda mpaka. Tulikuwa na dakika ishirini, na wengi wetu tulimaliza katika tano. Kubakiza chakula ilikuwa aibu, na kumaliza cha mwenzako ilikuwa sifa. Mimi sifa hiyo niliipata mara nyingi.

Silaumu shule. Chakula kilikuwa kidogo na matumbo yalikuwa mengi. Lakini nasema kwamba mambo haya mtu huyabeba. Miaka ishirini baadaye, katika ofisi yangu, nilikuwa bado nakula kama mtu anayeogopa kuporwa. Na nilipoketi na bakuli langu la kwanza la chakula kilichosagwa, mkono wangu ulikwenda kinywani kwa mwendo ule ule wa bwaloni. Kijiko cha tatu kilinifanya niinamie ndoo.

Ikabidi nijifundishe upya. Nilinunua vile vikombe vidogo vya kahawa visivyo na mkono, vinavyotumiwa na wauza kahawa wa barazani, nikavifanya kipimo changu. Kimoja kilikuwa mlo mzima. Nilitumia kijiko cha mtoto. Nilikiweka kijiko mezani baada ya kila tonge, nikatazama saa ya ukutani, nikahesabu dakika moja, ndipo nikakishika tena. Mke wangu alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili alianza kuhesabu pamoja nami.

Kisha ikaja ile njaa nyingine niliyoitaja. Tumbo halikutaka kitu, lakini kichwa kilitaka. Jirani yetu hupika chapati jioni, na harufu yake hupita dirishani. Siku moja katika wiki ya tatu nilisikia harufu hiyo nikatokwa na machozi, mtu mzima mwenye watoto wanne. Ndipo nilipotambua kwamba kwa miaka mingi sikuwa nakula kwa njaa tu. Nilikula mkuu wa idara aliponigombeza. Nilikula faili lilipopotea. Nilikula mshahara ulipoingia, na ulipokwisha nilikula pia. Kisu kilikuwa kimeondoa sehemu ya tumbo, lakini hakikuondoa hata moja katika sababu hizo. Hizo ilikuwa juu yangu kuzitafutia dawa. Mimi nilianza kutembea saa ya jioni, wakati wa chapati.

Kosa langu

Sasa nafika kwenye lile kosa. Mbali na mke wangu, hakuna mtu niliyemwambia kuhusu upasuaji. Ofisini nilisema nakwenda likizo. Kwa mama yangu, anayeishi Muheza, nilisema nakwenda semina. Niliona haya. Nilijua watu watasema nimeshindwa kufunga mdomo mpaka nikafungwa kwa kisu. Nilijua pia watasema nimeuza kiwanja cha watoto kwa ajili ya tumbo.

Nilipoanza kupungua, maneno yakaanza. Katika nchi yetu mtu akinenepa tunasema maisha yamemkubali, na akikonda tunamwandikia cheti cha kifo. Ofisini wenzangu walianza kunisalimia kwa huruma. Mmoja aliniletea majani ya dawa. Nami nilinyamaza, na kila nilivyonyamaza ndivyo maneno yalivyozidi kukua.

Katika wiki ya sita mjomba wangu alifariki, tukaenda Muheza msibani. Baada ya mazishi liliwekwa sinia, ugali na nyama ya ng'ombe, nikaitwa kukaa na wazee. Wote walikuwa wananitazama. Mzee mmoja alisema, "Mwanangu, kula, umekwisha." Karatasi yangu ilikuwa bado iko kwenye vyakula laini. Ningeweza kusema neno moja tu. Badala yake nikanawa, nikala matonge manne makubwa kwa haraka, pamoja na vipande vya nyama, nikashushia maji ili waone kwamba mimi ni mzima.

Sikumaliza hata dakika kumi. Kifua kilibana kama kimefungwa kwa kamba. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika, na nilipomaliza kutapika chakula nikaendelea kutapika povu. Usiku ule hata maji hayakukaa. Kesho yake hivyo hivyo, na siku ya tatu vivyo hivyo. Nilikuwa nimelivimbisha lile jeraha changa la ndani, na njia ilikuwa imeziba. Mkojo ulikuwa rangi ya chai. Siku ya nne nilisimama nikaanguka.

Nilipelekwa hospitali. Daktari alikuwa kijana, mwenye adabu, akaniuliza nimepatwa na nini. Mimi, msomi wa chuo kikuu, mtumishi wa Serikali ambaye kazi yangu kila siku ni kuwataka wananchi watoe taarifa kamili, nilimwambia nimekula chakula kibaya msibani. Akaanza kuandika vipimo vya malaria na homa ya matumbo. Mke wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alinitazama, kisha akamgeukia daktari akasema, "Daktari, mume wangu alipasuliwa tumbo wiki sita zilizopita. Mfuko wa chakula umepunguzwa. Hajaweka kitu tumboni kwa siku nne."

Kalamu ya daktari ilisimama. Alibadilisha maagizo yote. Kabla ya kuniwekea dripu yenye sukari alinipa kwanza sindano ya vitamini B1. Baadaye aliketi kando yangu akanieleza kwa upole. Mtu aliyefanyiwa upasuaji kama wangu akitapika siku kadhaa mfululizo, vitamini hiyo humwishia mwilini, na ikiisha inaweza kudhuru mishipa ya fahamu na ubongo, na dripu ya sukari peke yake inaweza kuharakisha madhara hayo. "Baba," aliniambia, "ungekaa kimya kidogo zaidi, pengine tungekuokoa roho lakini usitembee tena sawasawa." Aliniambia pia kwamba dawa kadhaa za maumivu ambazo sisi hununua dukani bila kufikiri huweza kuchoma mfuko wangu, kwa hiyo kila ninakotibiwa ni lazima niseme kwanza nilichofanyiwa.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nimeficha tiba, na nusura iniumbue vile vile.

Mama na karatasi

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni, na alisikia yote. Hakusema kitu mpaka jioni. Kisha akaingia, akakaa, akaniambia, "Baba, nilidhani unakufa na hutaki kuniambia. Majirani wamekwisha nizika nawe." Halafu akasema, "Hiyo karatasi iko wapi? Nisomee."

Nikamsomea. Kwanza maji. Kisha vya maji vizito kidogo. Kisha vya kusagwa. Kisha vya kuponda. Kisha chakula cha watu, kidogo kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Umekwenda mpaka India kuambiwa haya? Si ndivyo nilivyokulea? Mtoto anaachishwa ziwa vivi hivi. Humpi ugali siku ya kwanza, na akitapika unarudi nyuma hatua moja, humlazimishi."

Ndugu zangu, nilikuwa nimeyasoma masharti yale wiki sita kama mfungwa anayesoma hukumu yake. Siku ile nikayaelewa. Kumbe sikuwa nimefungwa, nilikuwa nimeanza upya kama mtoto, na mtoto hali peke yake kwa siri. Mtoto hulishwa na watu wanaojua hali yake.

Nilikaa kwa mama wiki tatu. Tulirudi nyuma hatua tatu, kwenye supu iliyochujwa. Alichemsha kunde akazitwanga na kuzipitisha kwenye chujio mpaka maganda yote yakabaki. Alipika uji wa ulezi mwembamba kwa maziwa. Alichemsha samaki, akamtoa miba yote, akamponda kwa mwiko na mchuzi wake. Kisha yai la kuchemsha laini, mtindi, choroko, mchicha uliokatwa ukawa vumbi. Kisamvu alikataa kunipa kwa miezi mitatu kwa sababu ya nyuzi zake. Machungwa ya Muheza mnayajua utamu wake. Siku moja nilikunywa glasi nzima ya juisi yake kwa mara moja, nikatoka jasho, moyo ukaenda mbio, ikabidi nilale. Sukari nyingi inayoshuka haraka hufanya hivyo kwa baadhi yetu. Tangu siku hiyo nakula chungwa lenyewe, vipande viwili vitatu, nikitoa ngozi.

Niliyojifunza

Kwa wale ambao wamefanyiwa upasuaji huu au wana ndugu aliyefanyiwa, naomba niseme machache kwa faida yao. Daktari wa mgonjwa ndiye mwenye neno la mwisho. Mimi naeleza yaliyonisaidia.

La kwanza ni protini. Nilitakiwa kufikisha angalau gramu 60 kwa siku, na kwa tumbo la kikombe cha kahawa hilo ni jambo la hesabu. Yai moja lina kama gramu 6. Maziwa ya robo lita yana kama 8. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina takriban 20. Kwa hiyo samaki huliwa kwanza na ugali hungoja. Ugali mgumu, mkate laini na wali vilinikalia kifuani kwa muda mrefu. Hata leo ugali wangu ni tonge moja au mawili, tena mwishoni. Nyama choma kavu nimeiacha, nakula nyama ya mchuzi iliyoiva sana.

La pili ni maji. Nilijaza chupa tatu za nusu lita kila asubuhi nikaziweka juu ya meza ya ofisi, na sikutoka kazini kabla ya mbili kuisha. Mtu asingoje kiu.

La tatu ni vidonge. Vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D si mambo ya miezi sita. Katika mwezi wa nne nywele zangu zilianza kukatika, nikaogopa. Nikaambiwa hutokea kwa wengi wanaopungua haraka na nyingi huota tena. Damu hupimwa kila mwaka hata kama mtu anajiona ana nguvu.

La nne ni pombe. Walevi wenzangu wa zamani wanisamehe. Kwa tumbo kama langu pombe hupanda kichwani haraka sana, na wako watu ambao waliacha kukimbilia sahani wakakimbilia chupa.

La tano, na ndilo kubwa, ni kusema. Nikialikwa sasa humpigia simu mwenyeji mapema, "Shemeji, nakuja, na nitakula, lakini kwa kisahani cha chai. Ukiona nimebakiza usione vibaya." Sijapata mtu aliyekasirika. Mgeni asiyekula bila sababu humtia mwenyeji mashaka, lakini mgeni aliyetoa sababu huandaliwa kipande cha samaki kisicho na miba. Msibani hukaa na wazee kama kawaida, nashika tonge langu moja kwa dakika nyingi, nazungumza nao. Nimegundua kwamba walichotaka siku zote ni mimi kuketi nao siniani. Wingi wa matonge haukuwa na maana kwao.

Mtauliza matokeo. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa na kilo 94. Leo asubuhi mizani imesema 97, na nawaambia hilo kwa sababu uzito unaweza kurudi. Mfuko hutanuka kidogo na mazoea ya zamani hayafi. Dawa za kisukari daktari amenisimamisha, ila napimwa. Dawa ya shinikizo la damu bado nameza kidonge kimoja. Mke wangu sasa analala usiku.

Kwenu vijana

Ninyi vijana wanafunzi, nina mambo mawili kwenu. Kwanza, mkiwa na Pipa miongoni mwenu, mwiteni kwa jina lake. Jina lile halikunipunguza hata gramu moja. Lilinifundisha kucheka pamoja na wanaonicheka na kuficha kinachoniuma, na nimewaeleza kuficha huko kulivyonifikisha kwenye dripu. Pili, kuleni polepole. Najua sinia ni moja na mko wengi. Lakini mnaweza kukubaliana mezani, kila mtu sehemu yake, halafu mtafune kwa amani. Nami namwomba Ndugu Mkuu wa Shule, kwa heshima zote, kama ratiba inaruhusu, awaongezee dakika kumi za chakula cha mchana. Mimi nimeahidi kuchangia sahani za meza mbili, kila mwanafunzi ale katika sahani yake, na wahitimu wenzangu naona mnanitazama, kwa hiyo meza zilizobaki nawaachia ninyi.

Ndugu Mwenyekiti, naambiwa chakula kiko tayari na kwamba leo ni pilau. Mtaniona nikikaa pale pembeni na kisahani cha chai, vijiko vinne vya pilau na kipande cha kuku. Nitakimaliza baada yenu wote. Msinionee huruma na msiniongezee. Njooni mkae nami mpaka nimalize, maana safari hii sina haraka.